Pasta, Wakimbia Nini?

Neno la msingi: 1 Timotheo 4:7-8. Soma pia 1 Samweli 2:27-29 na 4:12-18. 2 Samweli 18:19-33. 1 Wakorintho 9:24-27.



Asubuhi moja nilikuwa narudi Faza kwa ile njia ya mchanga, nahema, jasho limelowesha tisheti yote. Nikampita mzee mmoja amekaa chini ya mti anatengeneza nyavu zake. Si mshirika wetu, ni jirani Mwislamu, mtu wa heshima zake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniuliza, "Pasta, wakimbia nini?"

Nikamwambia, "Nafanya mazoezi, mzee."

Akasema, "Hilo naliona. Nauliza wakimbia nini?"

Nilicheka nikaendelea. Lakini swali lile lilinifuata mpaka nyumbani, na kusema kweli bado linanifuata. Kwa Kiswahili chetu mtu hakimbii tu. Hukimbia kitu. Mtu hukimbia mvua, hukimbia deni, hukimbia kesi. Halafu kuna neno lingine la karibu sana, kukimbilia, ambalo ni kwenda kwa kitu au kwa mtu ili upate usalama. Mzee alitaka kujua niko upande gani. Mimi nilikuwa nimeanza mazoezi miezi miwili tayari na sikuwa nimejiuliza hata siku moja.

Kwa hiyo wiki hii naomba tuzungumze juu ya mwili. Najua si somo tulilozoea kwenye kijarida hiki. Lakini wengi mmeniona nikikimbia, wengine mmeniuliza maswali, na wengine hamkuniuliza mkaulizana wenyewe. Wacha niseme yote.

Nilianza kwa aibu. Nilikuwa natoka Lamu na boti, tukafika gati la Mtangawanda maji yakiwa yamekupwa. Wenzangu wakapanda. Mimi nilivutwa na vijana wawili, mmoja kila mkono, na mmoja akamwambia mwenzake asivute peke yake, mzigo huu ni wa watu wawili. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu mtumishi hawezi kununa mbele za watu. Lakini nilipofika nyumbani sikuona la kuchekesha. Wiki hiyo hiyo nikaenda kliniki kupima. Kilo 97. Presha 150 kwa 100. Nina umri wa miaka thelathini na kidogo, na muuguzi akaniambia kwa upole kwamba namba hizo ni za mtu mwingine.

Sasa tuanze na Eli, maana huyo ndiye aliyenikamata kabla ya raba.

Wengi tunamkumbuka Eli kama kuhani aliyemlea Samweli, na kama baba aliyeshindwa kuwakemea wanawe. Lakini nendeni mkasome 1 Samweli sura ya 2 polepole. Mtu wa Mungu anapomjia Eli, lawama hasemewi Hofni na Finehasi peke yao. Eli mwenyewe anaambiwa kwamba amewaheshimu wanawe kuliko Mungu, na kwamba wote pamoja wamejinenepesha kwa sehemu nzuri za sadaka za Israeli. Kisha sura ya 4, habari ya kutekwa kwa sanduku la Bwana inapofika, Eli anaanguka kutoka kitini, shingo inavunjika, anakufa. Mwandishi wa Biblia anatoa sababu mbili pale pale: alikuwa mzee, na alikuwa mzito.

Nimehubiri kifungu hicho mara tatu tangu niitwe kwenye huduma. Mara zote tatu nilihubiri juu ya malezi ya watoto. Ule uzito niliuruka. Mtu huruka anachokijua.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila mtu mnene anakula sadaka. Kuna wanaonenepa kwa maradhi, kuna wanaonenepa kwa dawa wanazotumia, kuna akina mama ambao mwili ulibadilika baada ya uzazi na haukurudi, na kuna watu ambao familia yao yote ndivyo walivyoumbwa. Bwana alimwambia Samweli siku ile nyumbani kwa Yese kwamba Yeye haangalii umbo wala kimo, na neno hilo halijafutwa. Ninachosema kinanihusu mimi. Mimi nilinenepa kwa upendo wenu. Nikimtembelea mgonjwa, napewa chai na mahamri. Nikienda kuombea nyumba, kuna wali wa nazi na samaki wa kupaka. Baada ya ibada, sahani ya mchungaji ndiyo inayojazwa kwanza. Na tuseme ukweli, kwetu sisi mchungaji mwenye kitambi ni tangazo. Anaonyesha kwamba kanisa linalisha watumishi wake na kwamba Mungu anabariki. Akikonda, ni kama kanisa limekonda.

Kukataa chakula cha mtu ni vigumu, maana chakula ni mapenzi. Mama ameamka mapema, amekuna nazi, halafu wewe useme umeshiba? Kwa hiyo nilikuwa nakula, na nilikuwa nasema moyoni kwamba nakula kwa ajili ya huduma. Mtu akinywa pombe kila nyumba anayoitwa, halafu aseme anakunywa kwa ajili ya kudumisha ujirani, tungemwita mlevi na kumwombea. Mimi nilikuwa naombewa baraka.

Basi nikanunua raba. Sikununua za bei kubwa, na niliwaza sana kabla ya kutoa hizo pesa, maana siku hiyo hiyo kulikuwa na mshirika ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nilitoa kidogo kwa karo, nikanunua raba kwa kilichobaki. Mpaka leo sijui kama niligawa vizuri.

Mbio ya kwanza sikumaliza dakika 4. Natamani ningekuwa natia chumvi. Watu nje ya nchi wanadhani kila Mkenya ni mkimbiaji. Mimi nilisimama nimeshika magoti, punda akanipita na magunia yake. Wiki iliyofuata nikaanza kwa hekima zaidi: dakika moja mbio, dakika mbili kutembea, mpaka nusu saa iishe. Baada ya miezi miwili nikaweza kilomita 5 bila kusimama. Kwa anayetaka kuanza, huo ndio ushauri wangu wote, pamoja na huu: kama una presha au sukari, au umri umesonga, muone kwanza daktari au muuguzi. Na ukianza mazoezi usiache dawa zako kwa sababu unajisikia vizuri. Wala mtu yeyote asikwambie kwa jina la Yesu kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Akikwambia, mlete kwangu.

Sikimbii kabla ya mwanga. Hapa Lamu Mashariki mtu anayekimbia gizani atakuwa na maelezo mengi ya kutoa, na watu wa usalama wana haki ya kumuuliza. Tena sivai kaptura. Nimeulizwa kwa nini navaa suruali ndefu ya trakisuti katika joto hili. Ni kwa sababu napita karibu na msikiti na watu wanatoka kuswali alfajiri, na napita penye akina mama wanaokwenda kuchota maji. Na mwezi wa Ramadhani sibebi chupa ya maji nikainywa njiani mbele ya watu waliofunga. Paulo aliwaandikia Wakorintho wasiwe kikwazo kwa Wayahudi wala kwa Wayunani wala kwa kanisa. Mimi najua angeandika nini kama angekuwa anakaa Faza.

Sasa kuna hesabu. Mnajua nilisoma biashara chuoni, na kila kitu nakitazama kama mapato na matumizi. Baada ya wiki sita za mbio nilirudi kupima uzito. Kilo 98. Nimekimbia wiki sita na nimeongezeka kilo moja!

Nikakaa chini na kalamu. Mtu wa uzito wangu akikimbia kilomita 5 anatumia karibu kalori 480. Kilo moja ya mafuta mwilini ina kalori kama 7,700. Ina maana nahitaji mbio kama 16 za namna hiyo ili nipunguze kilo moja, na hapo nisiwe nimeongeza chakula hata kidogo. Lakini mimi nilikuwa nikitoka mbioni nakula chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari, na wakati mwingine ya tatu, nikisema moyoni, "Leo nimestahili." Hesabu ilikuwa imerudi pale ilipoanza, tena na riba.

Neno hilo, "nimestahili," ndilo lililonisumbua kuliko kilo yenyewe. Maana nililijua. Ni neno la yule mtu anayetoa zaka Jumapili na Jumatatu anapunja mizani dukani. Ni neno la anayekesha Ijumaa na Jumamosi anamtukana mkewe, akiona kwamba ana akiba mbinguni ya kutosha kulipia. Tunafanya jambo jema, halafu tunalitumia kama kibali cha kufanya baya. Nilikuwa nimelihubiri kanisani kwa watu wengine, na sasa nilikuwa nalifanya kwa chapati. Watu wa afya watakwambia kwamba mbio zinasaidia moyo, presha, sukari na usingizi hata kama mizani haisogei, na ni kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 za mazoezi mazito. Lakini uzito, kwa sehemu kubwa, unapungulia mezani. Nilitaka kukimbia ili nisilazimike kukataa sahani. Nilikuwa nakimbia kazi yenyewe.

Hapo nilimkumbuka Ahimaasi. Mtaona habari zake katika 2 Samweli 18. Vita vimekwisha, Absalomu ameuawa, na kijana huyu anamwomba Yoabu ampe ruhusa apeleke habari kwa mfalme Daudi. Yoabu anamkatalia, anamtuma Mkushi. Ahimaasi anaomba tena: hata iweje, acha na mimi nikimbie. Anaruhusiwa, anakimbia kwa njia ya bondeni, anampita Mkushi, anafika wa kwanza. Mlinzi anautambua mwendo wake kwa mbali. Mfalme anamuuliza habari za mwanawe, na Ahimaasi hana jibu. Anasema aliona msukosuko tu lakini hakujua ni nini. Anaambiwa asimame kando. Alikimbia vizuri kuliko mwenye ujumbe, lakini hakuwa na cha kusema.

Kuna mtu mwingine ambaye nimemfikiria sana, na huyu ni wetu, wa nchi hii. Henry Rono, mzaliwa wa Nandi. Vijana wengi hawamjui. Mwaka 1978, katika siku 81 tu, Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo, na ukitazama namna riadha ilivyo siku hizi, sidhani kama yuko atakayefanya. Lakini hakukimbia Olimpiki hata moja, maana Kenya ilisusia ya mwaka 1976 na ya 1980. Na wakati huo huo pombe ilikuwa inamla. Mwaka 1981, akiwa ametoka kunenepa, alipunguza uzito na kuvunja tena rekodi yake mwenyewe ya mita 5,000 huko Norway. Baadaye pombe ilishinda. Mtu aliyekuwa na rekodi nne za dunia alikosa hata mahali pa kulala katika miji ya Marekani.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Rono aliacha pombe, akakaa Albuquerque, akawa anafundisha na kuwanoa wakimbiaji. Na alipokuwa ana miaka zaidi ya hamsini, mwili ukiwa mzito sana, akaanza tena kukimbia ili apungue. Alirudi Kenya mwaka 2019, baada ya zaidi ya miaka 30. Alifariki tarehe 15 Februari 2024, siku nne baada ya Kelvin Kiptum kufa katika ajali ya gari, na kwa sababu nchi nzima ilikuwa inamlilia Kiptum, wengi hatukusikia sana msiba wa Rono. Kiptum alikuwa na miaka 24 na rekodi ya dunia ya marathoni, saa 2 na sekunde 35. Inaeleweka kwamba tulimlilia.

Mimi, kwa mambo yangu haya, namwangalia zaidi Rono, na hasa yule wa miaka hamsini na kitu. Miguu ile ya 1978 ilikuwa ni neema ya kuzaliwa nayo na mazoezi ya ujana. Miguu hiyo hiyo haikuweza kumpita pombe. Mtu aliyekuwa na kasi kuliko wote duniani hakuwa na kasi ya kutosha kukimbia kile kilichokuwa ndani yake. Alipokuja kukimbia akiwa mnene, hakuna umati uliomshangilia. Sijui alikuwa anawaza nini asubuhi hizo. Lakini nadhani mzee wa nyavu angemuuliza swali lile lile, na Rono angekuwa na jibu bora kuliko langu.

Sasa nije kwa jambo gumu zaidi, na wengine mnalijua.

Mzee mmoja wa kanisa letu aliniita baada ya ibada. Akasema, "Mchungaji, nikuulize kama baba yako?" Nikamwambia, "Uliza, baba." Akasema, "Zamani saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nakukuta kanisani ukiomba. Sasa nakukuta barabarani. Nani alikubadilishia kituo?"

Nikajitetea. Nikamwambia, "Baba, naomba nikiwa nakimbia."

Akanitazama. Akasema, "Umeoa. Hebu mwambie mkeo kwamba kuanzia leo utazungumza naye ukiwa unakimbia tu. Uone kama ataridhika."

Sikuwa na jibu. Nilienda nyumbani nimeudhika, na nadhani niliudhika kwa sababu alikuwa na haki. Nikafungua 1 Timotheo 4:8 kutafuta msaada. Kifungu hicho ndicho wapinzani wa mazoezi wanachokipenda, maana Paulo anasema pale kwamba kuuzoeza mwili kuna faida kidogo, na utauwa una faida katika mambo yote. Nilitaka nione kama naweza kulifanya hilo "kidogo" liwe kubwa. Haiwezekani. Paulo alisema kidogo na alimaanisha kidogo. Lakini hakusema hakuna. Na sisi hapa tunajua maana ya kidogo. Nusu ya watu wa Faza wanaishi kwa uchumi wa kadogo: mafuta ya kupikia ya kupimiwa, sukari ya kufungiwa kwenye kikaratasi, kreditu ya shilingi 20. Hakuna mwenye duka anayedharau faida ya shilingi mbili kwa kila pakiti. Kosa lake litakuwa ni kufunga duka kubwa ili akauze pakiti.

Basi nikafanya kama nilivyofundishwa chuoni kwa biashara inayopata hasara. Nikachukua daftari, nikaandika kila saa ya siku zangu kwa wiki nne. Mbio zilichukua saa tatu kwa wiki. Maombi ya alfajiri yalikuwa yameshuka kutoka siku tano hadi mbili. Na simu, wapendwa, simu ilikuwa inachukua karibu saa kumi na tisa kwa wiki, nyingi zikiwa usiku, ndiyo maana nilikuwa naamka nimechelewa na kulazimika kuchagua kati ya kanisa na barabara.

Ningeweza kumrudia mzee na daftari langu nikamwonyesha kwamba mwizi si raba ni simu. Kwa hesabu ni kweli. Lakini niliona kwamba hapo ningekuwa nashinda kesi tu. Yeye hakuniuliza juu ya saa. Aliniuliza nimehamia kituo gani. Na nilipokuwa nimebanwa, nikiwa na asubuhi moja tu ya kuchagua, nilichagua mizani. Hilo simu haikunichagulia.

Sasa nakimbia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku nyingine alfajiri ni ya kanisani. Simu inalala sebuleni. Nimefika kilo 88 na presha imeshuka, ingawa muuguzi bado anataka anione kila mwezi. Mzee hajasema kwamba ameridhika. Jumanne na Alhamisi ndiye anayefungua mlango wa kanisa peke yake. Jumanne iliyopita nilipita pale nikakuta dirisha liko wazi, nikasikia sauti yake anaomba, na katikati ya majina ya wagonjwa akataja langu. Sikuingia. Nilikuwa nimebakisha kilomita moja na nusu.

Kupungua nako kulileta mengine. Nilipofika kilo 90 watu walianza kuninong'oneza. Dada mmoja aliniletea supu ya mifupa bila kusema kitu. Ndugu mwingine akaniuliza kwa sauti ya chini kama "nimeshapima." Nikaelewa anachouliza. Niliona uchungu, halafu nikawaza: kuna watu katika jamii yetu wanaoishi na virusi, wanaomeza dawa zao kila siku kwa uaminifu, ambao wakipungua kilo mbili tu kwa sababu ya malaria wanasoma swali hilo kwenye nyuso zetu. Mimi nililisikia mara moja, na nilikuwa na raba za kuonyesha kama ushahidi. Tuangalie midomo yetu, na macho yetu pia.

Na kifungu cha mwili kuwa hekalu la Roho Mtakatifu, 1 Wakorintho 6, mniruhusu nikirudishe mahali pake. Siku hizi kinatumika kwa kila kitu, mpaka matangazo ya chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kwa bei ya ajabu (msinunue). Paulo pale alikuwa anazungumzia zinaa. Kama unakimbia kila asubuhi na usiku unatembea na mke wa mtu, hekalu lako ni jembamba lakini ni chafu. Habari ya mbio anaizungumza sura ya 9. Watu wa Korintho walimwelewa haraka, kwa sababu karibu na mji wao kulikuwa na mashindano ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Paulo alikaa mji ule mwaka mmoja na miezi sita. Anapowaambia kwamba wakimbiaji hujinyima kwa ajili ya taji linalonyauka, anawasema watu ambao wasomaji wake waliwahi kuwaona. Hawakejeli. Anawashangaa kidogo, kwamba wanaweza kujinyima kiasi hicho kwa majani. Kisha anasema yeye mwenyewe anautiisha mwili wake asije, baada ya kuwahubiri wengine, akakataliwa. Mhubiri ndiye aliyekuwa na hofu. Mimi sikuwa na hofu hiyo mpaka nilipovutwa kwenye gati.

Nimebakisha jambo moja, na hili nililetewa na mama mmoja wa umoja wa akina mama. Alinisikiliza nikisimulia mbio zangu kwenye ushirika wa nyumbani, kisha akasema, "Pasta, wewe ukikimbia wanasema unafanya mazoezi. Mimi nikikimbia watauliza nani amekufa."

Watu walicheka sana. Yeye hakucheka. Ana presha kubwa kuliko yangu, na anaijua tangu mimba ya mwisho. Anaamka kabla yangu. Wakati mimi nafunga kamba za raba, yeye anawasha moto, anaandaa watoto wa shule, anachota maji. Saa tatu zangu za wiki zilikuwepo kwa sababu mke wangu alikuwa ndani akifanya kazi ambayo sikuwa nimeiandika kwenye daftari langu. Nikarudi nyumbani nikamuuliza mke wangu kama ni hivyo. Akasema, "Nilikuwa nangoja uone mwenyewe."

Kwa hiyo akina mama wamekubaliana wenyewe, mimi nikiwa sina la kuongeza. Watatembea kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na madera yao na leso zao, kuanzia kanisani kwenda kwa ile njia ya mchanga na kurudi, muda wa saa nzima. Majirani wawili Waislamu wameomba kuungana nao na wamekaribishwa. Hakuna kukimbia ila kwa atakayependa. Muuguzi mshirika wetu atapima presha kabla ya kuanza, bila malipo.

Jumamosi hizo mimi sitakimbia, nitakuwa kanisani na watoto. Tunatarajia watoto kama ishirini, wadogo kabisa watano. Wanaume wawili wamejiandikisha kunisaidia, mmoja wao ni yule mzee. Daftari liko mezani karibu na mlango, na kalamu iko ndani yake.